Muhtasari Unasema Nilizungumzia Malezi

Mpendwa Bi. Winifred,

Naomba msaada wako kabla ya Jumatano ijayo, na naomba unisamehe mwandiko, maana mguu mmoja unatikisa kiti cha mtoto na mkono wa kushoto umeshika kitambaa chenye barafu anachotafuna kwa sababu ya meno, na nikisema ningoje mpaka nipate utulivu wa kuandika vizuri basi barua hii itakufikia huyu mtoto akiwa ameshaolewa. Mimi ni mama wa wasichana wawili, mkubwa ana miaka minne na huyu mdogo miezi kumi, mume wangu ni fundi bomba, na mimi mwenyewe nimesoma sekondari tu na hesabu nilipita kwa huruma ya mwalimu. Nakueleza haya mapema ili utakapofika mahali ninaposema kwamba mimi ni mjumbe wa kamati ya usalama ya chuo kikuu, usidhani umechanganya barua mbili.

Ilianza hivi. Mwaka juzi mji wetu ulifanya mkutano wa hadhara kwa sababu wasomi wa chuo walitaka chumba maalumu cha kukatia jeni za kiumbe kimoja na kuzipachika ndani ya bakteria, na nusu ya watu walikuwa wanaogopa litatoka dubwana litembee barabarani, na nusu wanasema itatoka dawa ya kisukari, na mimi nilikwenda kwa sababu ukumbini kulikuwa na joto na kwetu mtambo wa kupashia nyumba joto ulikuwa umekufa, ndiyo, nyumba ya fundi bomba, usinicheke. Nilikaa nyuma na binti yangu mapajani nikasikiliza saa nzima, kisha nikajikuta nimesimama nikauliza, "Hicho mnachokimwaga kwenye sinki, bomba lake linaishia wapi?" Basi. Ndilo swali pekee ninalolijua duniani, nimeolewa nalo. Jukwaani walitazamana, hakuna aliyejua, na watu wakapiga makofi kama nimefunga goli. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya meya inasema serikali kuu imetoa mwongozo mpya, kila kamati inayosimamia utafiti huo lazima iwe na watu wasio wa chuo, na mji umenichagua mimi na Bwana Lindquist, mstaafu wa zimamoto. Artie, mume wangu, aliibandika barua ile kwenye friji na mpaka leo ipo.

Vikao ni Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi, na ninaweza kwenda kwa sababu moja tu, nayo ni Maribeth. (Majina nimeyabadili yote, hata la mume wangu.) Maribeth anakaa ghorofa ya juu yetu na tumepeana zamu, Jumatano yeye anakaa na wanangu wawili, Alhamisi mimi nakaa na binti yake Gretchen ili mama apumzike, maana ana mimba ya miezi sita na miguu inamvimba. Si jirani wa kuazimana sukari tu. Nilipojifungua huyu mdogo na siwezi kuinama, alishuka na sufuria ya supu ya kuku, akaniketisha jikoni akaniosha nywele kwenye sinki kama mtoto. Nakutajia hilo ili uelewe ugumu unaokuja, kwa sababu mumewe, Wendell, ni mtafiti katika maabara hiyo hiyo ninayoisimamia.

Mwezi uliopita kamati ilikwenda kukagua. Tulivishwa makoti meupe, langu likaburuta sakafuni, tukapewa na glavu, na mwenyekiti wetu Profesa Ostrander akatutembeza akieleza taratibu kwa sauti ya mtu anayeonyesha nyumba ya kupangisha. Mlangoni kuna tangazo kubwa: hairuhusiwi kula, kunywa, kuvuta sigara wala kuweka kitu chochote mdomoni. Tukalisoma, tukatikisa vichwa, tukaingia. Wendell alikuwa kwenye meza yake, nadhani kutuona wote kwa mpigo kulimbabaisha, na mikono ikafuata mazoea yake, akachukua pipeti, ule mrija mrefu wa kioo wa kupimia majimaji, akachovya ncha moja kwenye chupa na ncha nyingine akaitia mdomoni akaanza kuvuta kama mtu anayekunywa soda.

Sasa Bi. Winifred, nataka ujue kwamba tangu asubuhi ile nilikuwa nimeshatoa kwenye mdomo wa binti yangu kifungo cha shati, kalamu ya rangi, chakula cha paka na ufunguo wa gari la Artie. Kwa hiyo ulimi haukuniuliza. Nilipiga kelele, "Toa mdomoni! Toa sasa hivi! Tema!" na baya zaidi nikawa nimeshafika, nimemkinga kiganja chini ya kidevu. Na Wendell, mtu mzima wa miaka thelathini na moja mwenye shahada ya udaktari, akautoa ule mrija akaniwekea mkononi na macho ameyatoa kama amekutwa kwenye kopo la biskuti. Bwana Lindquist alicheka mpaka akashika ukuta. Profesa akasema, "Bibi ana mikono mepesi huyu." Kisha mtu mmoja akavuta droo kumpa Wendell kile kipira cha kubonyeza kinachochomekwa juu ya mrija ili kivute badala ya mdomo, na nikaona droo imejaa vipira, vyote bado vimo kwenye nailoni zake, havijafunguliwa hata kimoja. Tukacheka wote. Nami nilicheka. Nikadhani yameisha.

Juzi ukaja muhtasari wa kikao kwa posta. Kurasa tisa, na huwa nausoma wote kwa sababu nadhani nisipousoma watajua. Ukurasa wa sita umeandikwa hivi: "Wakaguzi hawakuona kasoro yoyote. Mwakilishi wa wananchi alitoa maoni mafupi kuhusu malezi ya watoto."

Malezi! Nilimsomea Artie akacheka hadi kahawa ikamtoka puani, halafu akanitazama usoni akaacha.

Nilimpigia Profesa. Nikamwambia, "Profesa, mimi sikuzungumzia malezi."

"Ulisema 'toa mdomoni', Bibi. Katibu aliona ni lugha ya malezi."

"Nilikuwa namwambia Wendell."

"Najua, najua. Lakini muhtasari huu unakwenda Washington, na wale wa kule hawakuwepo, hawakuona jinsi ilivyochekesha. Halafu bakteria wenyewe tumeshawadhoofisha, tumboni mwa mtu hawamalizi hata saa moja."

"Sasa kama hawana neno, tangazo la mlangoni mmelibandikia nani?"

Nikasikia anahamisha karatasi. "Tutazungumza Jumatano," akasema, na kwa upole kabisa, si mtu mbaya, mwaka jana alinitumia kadi ya Krismasi. Lakini Jumatano ndiyo kamati inapitisha ombi la maabara hiyo kuhamia kwenye chumba cha ndani zaidi, cha kazi za hatari zaidi, na ombi linataka ripoti safi ya ukaguzi, na ripoti safi ndiyo hiyo yenye malezi yangu.

Mchana wake Maribeth akashuka. Sijui nani alimwambia, nadhani Profesa alimwambia Wendell. Akakaa juu ya kapu langu la nguo akihema.

"Shoga, unataka kumfukuzisha Wendell?"

"Nani kasema?"

"Wote wananyonya ile mirija, wote! Profesa mwenyewe kainyonya tangu hajaota ndevu. Leo mume wangu ndiye awe mfano?"

"Maribeth, wewe una mimba."

"Na mimba yangu inataka baba mwenye kazi." Akacheka, kisha akalia, nami nikalia, binti yangu akatuona akalia naye, ungedhani kuna msiba. Akasimama akasema, "Ukisema Jumatano, basi Jumatano hiyo mtafute mwingine wa kukulelea." Akapanda ngazi. Dakika moja haijapita akarudi, kasahau kandambili yake moja chini ya kapu, akaniambia bila kunitazama, "Sikumaanisha. Au labda nilimaanisha. Sijui bwana, nimechoka."

Nami nimechoka. Nikinyamaza, jina langu liko ukurasa wa kwanza kati ya waliohudhuria, na mama wa duka la mikate kila akinipa mkate ananiambia, "Mradi wewe umo mle, mimi silali na wasiwasi," na sasa nimeanza kununua mkate mtaa wa pili. Nikisema, nampoteza mtu aliyeniosha nywele, na pengine naharibu kazi ya mtu kwa jambo ambalo wasomi wote wanasema ni dogo, na mimi ni nani na sekondari yangu. Artie anasema niende na moyo wangu, lakini moyo wangu umelala usingizi tangu huyu mdogo azaliwe. Nisaidie, mama. Niseme, au ninyamaze?

Ni mimi,
Mama wa Toa Mdomoni

—

Mpendwa Mama wa Toa Mdomoni,

Umebadili majina yote, hongera. Sasa niambie, katika jimbo zima kuna kamati ngapi zenye mke wa fundi bomba na mstaafu wa zimamoto? Mtaa wako ungejua kabla haujamaliza aya ya pili. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa posta leo hii, na gazetini litatoka baada ya Jumatano yako. Wasomaji wengine watanisamehe, wanakula kiporo.

Umeniandikia kurasa nne ukiuliza useme au unyamaze. Mama, umeshasema. Ulisema kwa sauti iliyomfanya daktari wa falsafa ateme. Kinachobaki ni kama utakubali katibu akunyang'anye ulichokisema na kukuwekea kingine mahali pake.

Nikukaripie kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Sekondari yako umenitajia mara mbili, na hakuna aliyekuuliza. Serikali ilipoagiza watu wa nje wawemo kwenye kamati hizi, haikuwa imeishiwa na maprofesa. Inao wa kutosha kujaza uwanja wa mpira. Ilikuwa na shida ya mtu ambaye hajaizoea ile mirija. Wenzako wameitia mdomoni miaka thelathini na hawaioni tena, kama wewe usivyoiona ile barua kwenye friji. Wewe uliingia, ukaona, ukamfikia, ukakinga kiganja. Hiyo ndiyo kazi yote. Kosa lako ni kwamba ulicheka nao baadaye kisha ukaenda nyumbani bila kusema, "Liandikwe hilo." Nakusamehe, ulikuwa umevaa koti linaloburuta.

Kuhusu bakteria, sijui. Pengine Profesa anasema kweli kwamba hawa wa sasa ni wanyonge. Lakini kabla ya kupewa safu hii nilikuwa katibu wa chama cha washona viatu miaka kumi na tano, na muhtasari naujua kama unavyojua wewe nepi. Mtu akiomba chumba cha hatari zaidi, na ripoti yake ya chumba cha hatari ndogo ina uongo wa mstari mmoja, basi huo mstari ndio unaotakiwa kusomwa kwanza. Wakishindwa kuandika walipokuwa na bakteria wanyonge, wataandika siku wakiwa na wakali?

Sasa Wendell. Nyote mnambebesha yeye mzigo, hata mkewe, hata wewe. Ile droo ya vipira ambavyo havijafunguliwa ni ya Wendell? Kuna mtu aliviagiza, kuna mtu alivipanga, na kuna mtu hakumwonyesha yeyote namna ya kuvitumia. Hilo ndilo la kuliona. Kwa hiyo Jumatano jina lake lisitoke kinywani mwako. Na wakitaka kumtwisha yeye peke yake, wewe uwe wa kwanza kusema huyu alitii mara moja alipoambiwa, na uulize ni nani mwingine mle ndani hajawahi kuambiwa. Kisha omba mambo mawili: kila meza iwe na kipira kilichotolewa kwenye nailoni na mtu aliyefundishwa kukitumia, na ombi la chumba kipya lingoje mwezi mmoja mpaka mrudi kukagua. Mwezi mmoja haumfukuzishi mtu kazi. Kufichwa nyuma ya uongo, siku uongo ukijulikana, ndiko kunakofukuzisha.

Namna ya kufanya. Ajenda ya kwanza itakuwa kuthibitisha muhtasari. Mwenyekiti atasema kwa haraka, "Marekebisho? Hakuna. Tuendelee," na kati ya neno la kwanza na la pili kuna nafasi ya pumzi moja. Mkono wako uwe juu kabla hajafungua mdomo. Usiseme utangoje yatokanayo, kwa sababu muhtasari ukishathibitishwa yatatokana na malezi. Na mengineyo ndiyo kabisa usiyangoje, wakati huo watu wanatafuta makoti yao. Usitegemee kumbukumbu, umelala kidogo mno. Andika kwenye karatasi na usome kama nilivyokuandikia hapa:

"Ukurasa wa sita. Sikutoa maoni kuhusu malezi. Niliona mrija ukivutwa kwa mdomo nikauzuia. Naomba muhtasari urekebishwe uandikwe hivyo."

Ukimaliza, kaa. Usieleze, usiombe radhi, usitaje umesoma mpaka wapi. Leo hii mpigie simu Bwana Lindquist umwombe maneno mawili tu, "Naunga mkono." Mtu aliyeshika ukuta kwa kucheka hawezi kusema hakuona. Na wakikataa kurekebisha, sema unataka kukataa kwao kuandikwe, na jina lako kando. Hapo utawaona wanavyokumbuka ghafla.

Nimefika kwa Maribeth, ambaye ndiye hasa aliyekufanya uniandikie, wala usinidanganye. Panda kwake leo, kabla ya Jumatano, mikono mitupu. Usimpelekee keki, keki itasema umekosa. Msomee ile karatasi neno kwa neno ili asije akaisikia kwa mwingine. Mwambie jina la mumewe halimo. Halafu mwambie lile ambalo hukuthubutu kulimaliza pale alipokuwa amekaa juu ya kapu, kwamba huyo Wendell akitoka kazini anarudi kumbusu yeye na Gretchen, na kwamba ulipopiga kelele ulikuwa unamlinda na yeye pia. Atakasirika. Mwache akasirike, mwanamke mwenye mimba ya miezi sita na miguu iliyovimba ana haki ya kukasirika hata na hali ya hewa. Usijibu, usilie kwanza.

Jumatano usimwombe akulelee. Usimweke njia panda achague kati ya mumewe na wewe. Artie asiende kazini asubuhi moja, mabomba ya mji yatavumilia. Ikishindikana, nenda na mtoto kikaoni. Sijaona mwongozo wa serikali unaomkataza, na atakuwa mjumbe pekee mwenye ruhusa ya kutia vitu mdomoni.

Na baada ya Jumatano kuna Alhamisi, zamu yako. Hapo ndipo wengi huharibu. Watasema kweli kwa ujasiri, kisha watakaa chini kungoja waombwe radhi au washukuriwe. Wewe usingoje. Saa ya zamu ikifika panda ngazi, gonga mlango, umchukue Gretchen kama kila Alhamisi, hata kama mama yake atakukabidhi mtoto bila kusema neno. Sema tu, "Pumzika, nitamrudisha saa tisa." Na Alhamisi inayofuata hivyo hivyo. Na ile ya baada yake. Miezi mitatu ijayo kuna mtu atashindwa kuinama na atahitaji kuoshwa nywele, na usisubiri kuitwa.

Wako,
Bi. Winifred